Flashi za wateja zote zinageuka shotikati, kuna antivairasi ya bure inayosafisha kweli au ndo nipige window tu?

DadaSteshenari

Wakuu shikamooni, na wa rika langu mambo vipi. Naombeni msaada wenu maana nimekwama na kichwa kinauma.

Nina kibanda cha steshenari karibu na chuo huku Morogoro, mashine mbili, moja ya kuchapia na kuprinti ambayo ni HP ya mtumba ina Windows 10, nyingine iko kwenye skana. Sasa kama wiki tatu hivi mteja akileta flashi nikachomeka naona mafaili yake yapo ila kila ikoni ina kamshale kadogo pale chini kushoto, na saizi ni KB 1, KB 2, hata kama ni picha za harusi. Ukibonyeza folda linafunguka, kazi unaprinti, mteja analipa anaondoka, ndo maana mwanzoni sikujali nikajua ni mambo ya kompyuta tu.

Juzi kaja binti wa mwaka wa tatu, ana ripoti ya utafiti kurasa 64, anataka nakala tatu na kubaindi. Nachomeka flashi, ndani kuna kitu kimoja tu, shotikati yenye jina la flashi yenyewe. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, inasema haipatikani. Flashi ya GB 8 inaonyesha imejaa GB 5 lakini ndani hamna kitu. Binti machozi yakaanza kumtoka palepale kaunta, anasema asubuhi ilikuwa nzima na kopi nyingine hana. Foleni nyuma inaangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi wa hapa jirani anataka 25,000 apige window, yaani aweke Windows upya, mashine zote mbili, na anasema antivairasi za bure ni geresha, nyingine zenyewe ndo virusi. Hela hiyo ninayo ila kwa shida, ni hela ya rimu za mwezi huu. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili, je kuna programu ya bure inayotoa hiki kitu kweli, na je ripoti ya binti imepotea? Flashi yake nimebaki nayo, nimemwambia anipe siku mbili.

Mzee wa Fomati

Fomati flashi, piga window, maisha yaendelee. Virusi havibembelezwi.

DadaSteshenari

Mkuu nikifomati flashi ripoti ya mtoto wa watu nitaitoa wapi?

Mzee wa Fomati

Hapo sasa 😂 nilisoma nusu dada, samahani.

KijanaWaLebo

Dada pole, na kabla ya yote USIFOMATI na usibonyeze ile shotikati tena. Ripoti ya binti kwa asilimia kubwa ipo humohumo kwenye flashi, hizo GB 5 ndo zenyewe, zimefichwa tu. Nimefanya kazi kwenye lebo, yaani maabara, ya kompyuta ya chuo miaka minne, hiki kitu nimekiona mpaka nakiota.

Ngoja nikueleze kinavyofanya kazi maana ukielewa utajua kwa nini fundi anaweza kupiga window leo na kesho ukarudi palepale. Zamani flashi ukichomeka tu kirusi kinajifungua chenyewe kwa ile autorun. Microsoft wakaja kuizima kwa flashi kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 wakatoa apdeti ya kuizima hadi kwenye XP na Vista. Sasa wenye virusi wakaona basi, kama mashine haifungui yenyewe tumfanye mtu afungue kwa mkono wake. Kirusi kinachukua mafaili yako kinayaficha, kinaweka shotikati yenye jina lilelile na ikoni ileile ya folda, wewe unabonyeza ukijua unafungua folda, kumbe shotikati inafanya kazi mbili, kwanza inaamsha kirusi, halafu inakufungulia folda lako ili usishtuke. Ndo maana kwako kazi zilikuwa zinaprintika vizuri tu. Hebu bonyeza kitufe cha kulia kwenye shotikati yoyote, nenda Properties, soma pale kwenye Target. Badala ya njia ya folda utakuta cmd.exe na maneno marefu yenye faili la mwisho .vbs au .js au kitu kama hicho. Hapo hapana ubishi.

Na ile ya binti, shotikati moja yenye jina la flashi, hiyo ni tabia ya familia ya Gamarue, wengine wanaiita Andromeda. Mtandao wake ulivunjwa na polisi wa nchi kadhaa pamoja na Microsoft mwezi Novemba 2017, wakubwa wake hawapo lakini flashi hazijui hilo, zinaendelea kuambukizana mtaani mpaka leo.

Kuhusu programu ya bure, nitasema kitu utashangaa, unayo tayari. Windows 10 ina Microsoft Defender ndani yake na hivi virusi vya flashi inavijua vizuri sana, ni vya kizee. Kama imeviacha vikakaa wiki tatu basi kuna mtu au kitu kimeizima. Kwa hiyo kaangalie hilo kwanza. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, uangalie Real-time protection kama imewashwa, halafu shuka chini kabisa kwenye Exclusions usome kilichoandikwa humo. Urudi uniambie umekuta nini kabla hujafanya lolote.

Flashi yoyote isichomekwe kwa sasa. Hata modemu kama ina kadi ya memori ndani itoe hiyo kadi.

DadaSteshenari

Mkuu ubarikiwe. Nimeangalia. Real-time protection IMEZIMWA. Na kwenye Exclusions kuna mstari mmoja umeandikwa C:\ basi, hamna kingine. Hiyo ndo nini? Na Properties ya shotikati kweli ina cmd.exe halafu jina la ajabu .vbs, nimesisimka.

KijanaWaLebo

Aisee. Exclusions ni orodha ya sehemu ambazo umemwambia mlinzi asiziangalie. C:\ ni nyumba nzima. Yaani una mlinzi, umemlipa, halafu ukamwambia akae getini macho yameelekea barabarani na chochote kinachotokea ndani hakimhusu.

Swali la kiungwana dada, nani alikuwekea Office? Au Photoshop?

DadaSteshenari

😶 Mpwa wangu. Mwezi wa pili alikuja likizo akaniwekea Photoshop ya kutengenezea kadi na Office "ya bure". Nakumbuka alisema antivairasi inasumbua ngoja aizime kidogo.

KijanaWaLebo

Basi tumepata mlango. Zile krak, yaani programu za kulipia zilizovunjwa leseni, na vile viaktiveta vya kuwasha window bila leseni, karibu vyote maelekezo yake ya kwanza ni zima antivairasi, weka C kwenye Exclusions, na mtu anafuata kama resipi ya maandazi. Sisemi kila krak ina kirusi, ila wewe umeshafungua mlango na kirusi cha mteja wa kwanza kimeingia bila hodi.

Sasa fuata mtiririko huu na usiruke, maana watu wengi wanakosea hapa, wanasafisha flashi kwenye mashine chafu halafu wanashangaa.

Mashine kwanza. Futa huo mstari wa C:\ kwenye Exclusions, washa Real-time protection, washa na Tamper Protection hapohapo ili kesho kitu kisije kuizima kimyakimya. Ikigoma kuwaka usihangaike sana, endelea. Iache ipate apdeti ya orodha ya virusi, hiyo inakula bando kiasi lakini sio apdeti nzima ya window usiogope. Halafu nenda Scan options, chagua ile ya chini ya Microsoft Defender Offline. Sevu kazi zako, chomeka chaja, ibonyeze. Mashine itazima na kuwaka yenyewe, itaskani kabla ya Windows kuamka, inachukua kama dakika 15. Uzuri wake ni kwamba kirusi kinakuwa hakijaamka, hakiwezi kujitetea wala kujirudisha. Ukiskani kawaida wakati wscript.exe, ile programu ya Windows inayoendesha mafaili ya .vbs, inacheza kule nyuma, unafuta faili hapa kinaandika lingine pale, mnacheza kombolela.

Ikirudi, piga na Full scan ya kawaida hata kama itakula masaa mawili, iache usiku. Kesho yake uangalie Protection history utaona majina ya ilivyokamata.

Baada ya hapo ndo unatafuta jicho la pili. Hapo ndo watu huwa wanatumia Malwarebytes ya bure, ni nzuri hasa kwa takataka zinazokuja na krak na zile za matangazo kwenye brauza. Ila jua mambo matatu. Ishushe kwenye saiti yao wenyewe malwarebytes.com, sio kwenye saiti zile zenye vitufe vikubwa vya kijani, fundi wako hajakosea kabisa aliposema nyingine zenyewe ndo virusi. Pili ukiinstoo inakuwekea siku 14 za ile ya kulipia, zikiisha inarudi ya bure na hapo inaskani ukiiambia tu, haikai mlangoni. Kwa hiyo usije ukaizima Defender ukasema nina Malwarebytes. Tatu, leseni ya hiyo ya bure ni ya mtu binafsi, sio ya biashara, na wewe una biashara. Kama hutaki maneno chukua Microsoft Safety Scanner, ni faili moja tu linaitwa MSERT, huinstoo chochote, unalifungua linaskani. Lenyewe linaisha muda siku 10 baada ya kulishusha, ukitaka kuskani mwezi ujao unashusha upya, kwa bando letu hili ni maumivu kidogo ila ndo hivyo.

Mashine zote mbili, sio moja. Najua ya skana hujaihisi lakini flashi zimepita humo pia.

Flashi ya binti bado iko pembeni.

Fundi Chumvi

Nimepita hapa nikaona mafundi tunasemwa. Mimi ni fundi, napiga window kila siku na sioni aibu. Dada, kijana ameeleza vizuri ila tusidanganyane, kuna mashine imeoza kiasi kwamba kuskani ni kupoteza umeme. Kama umeskani mara mbili tatu na kitu kinarudi, au brauza zinafungua vitu vyenyewe, au kuna mtu ameingia kwenye akaunti zako za hela, hapo piga window kwa usafi kabisa, futa patisheni, usiulize. Ila kwa shotikati tu za flashi? 25,000 ni nyingi, na kama hakukuuliza habari za flashi zenyewe anakupigia window siku moja, kesho mteja wa kwanza anakuja na uleule. Nimewahi kupiga mashine moja mara tatu ndani ya mwezi kabla sijaelewa kwamba tatizo lilikuwa flashi ya bosi mwenyewe iliyokuwa kwenye funguo za gari 😂

Na hao wanaopiga window wengi wanaweka ileile ya kukrakiwa na Defender imezimwa. Muulize kabla hujatoa hela.

DadaSteshenari

Wakuu nimerudi, usiku sikulala. Offline imemaliza. Ikiwaka nikaona kwenye Protection history vitu 11! Kuna Worm:VBS/Jenxcus imejirudia mara nne, nyingine zimeandikwa HackTool, moja Trojan. Real-time sasa inawaka na haizimiki. Ya skana nayo ilikuwa nayo, viwili. MSERT nimeiendesha baada ya hapo haikupata kitu.

HackTool ndo kile cha Office eh? Kikifutwa Office itakufa?

KijanaWaLebo

Safi sana dada. Jenxcus ndo ile ya .vbs, inakaa kwenye AppData au Temp na inajiandika kwenye vitu vinavyoamka na mashine. Hebu kwa uhakika bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, enta. Folda likiwa tupu au lina vitu unavyovijua, sawa. Kukiwa na faili la .vbs lenye jina la kichaa futa. Halafu Task Manager, kipengele cha Startup, uangalie kama kuna wscript.

HackTool ndio ni kile kiaktiveta. Office inaweza ikaanza kukudai leseni. LibreOffice ni ya bure kabisa, inafungua docx, kwa kuprinti inatosha japo ripoti zenye majedwali mengi wakati mwingine zinahama mistari, mwambie mteja alete PDF. Mimi ningefanya hivyo kuliko kurudisha kile kitu. Uamuzi ni wako.

Sasa flashi ya binti. Ichomeke kwenye mashine iliyosafishwa huku umeshikilia Shift, isifungue kidirisha chochote. Nenda This PC uone ni herufi gani, tuseme E. Usiibonyeze mara mbili. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua Scan with Microsoft Defender. Hii ifanye kwa kila flashi, usitegemee ile Full scan ya jana iguse flashi.

Ikimaliza, kirusi kimekufa ila mafaili BADO hayaonekani. Hapa ndo wengi wanakata tamaa wanasema antivairasi imekula kazi yangu. Antivairasi inaua mwizi, haikurudishii vitu alivyovificha chini ya kitanda, hiyo kazi yako. Fungua cmd, andika hivi halafu enta

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo inavua yale mafaili alama za kufichwa na za mfumo. E ubadilishe iwe herufi yako, usije ukaandika C. Subiri mpaka mstari urudi, flashi ikiwa imejaa inachukua muda. Halafu fungua flashi.

Sasa angalia sana, unaweza ukakuta folda moja HALINA JINA. Kabisa, ikoni ya folda na chini patupu. Watu wanalifuta wakidhani ni takataka. Usilifute! Jina lake ni nafasi isiyoonekana, ni ujanja wa ile Gamarue, na mafaili yote ya mtu yamo humo.

DadaSteshenari

Ngoja nifanye, nitawaambia. Mikono inatetemeka.

Saiba ya Kona Eldoret

Niaje wadau, natoka upande wa Kenya, niko na saiba Eldoret karibu na chuo pia kwa hivyo hii stori naijua kama jina langu. Mimi nilichoka na flashi kitambo. Saa hii mteja akikuja kuprinti namwambia atume kwa emaili ya saiba ama WhatsApp, flashi ni ile ya mwisho kabisa ikiwa faili ni kubwa. Na hiyo mashine ya flashi iko peke yake, haina Facebook ya mtu, haina M-Pesa ya mtu, haina chochote, ni ya kuprinti tu. Ikiugua inaugua pekee yake.

Kitu ingine dada, kwa hiyo mashine weka ionyeshe majina kamili ya mafaili, File Explorer uingie View halafu Options, kwa kipengele cha View utoe tiki kwa Hide extensions. Kuna hii ingine mbaya kuliko shotikati, faili iko na ikoni ya folda, inaitwa "Notes", kumbe ni Notes.exe. Bila hiyo tiki kutoka huwezi jua. Mteja wangu mmoja alikuwa anasema "hii folda inafungua polepole". Haikuwa folda bana.

Mama Wawili

Samahani kuingilia jamani, mimi yangu ni tofauti kidogo. Picha za watoto kwenye laptopu zimebadilika mwisho zina herufi nne za ajabu na kila folda lina faili limeandikwa _readme.txt wanadai dola 980, ukiwahi ndani ya masaa 72 ni 490. Nimeskani na Malwarebytes imekuta vitu imefuta lakini picha hazifunguki. Ile attrib itanisaidia?

KijanaWaLebo

Mama pole sana, hiyo attrib haitasaidia. Ya dada yamefichwa, yako yamefungwa kwa ufunguo, ni vitu viwili tofauti. Dola 980 na 490 kwa masaa 72 hiyo ni STOP, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, wengine wanaiita Djvu, na inakuja karibu kila mara na krak. Malwarebytes imemtoa mwizi lakini ufunguo ameondoka nao.

Usilipe kwanza, na hayo mafaili usiyafute. Nakili yote kwenye diski ya nje. Halafu nenda nomoreransom.org, ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za antivairasi, ni ya bure. Utapakia faili moja lililofungwa pamoja na ile _readme, na saiti itakwambia kama kuna dawa. Kampuni ya antivairasi ya Emsisoft walitoa dawa ya STOP Oktoba 2019, iliweza matoleo 148. Matoleo ya baadaye inafungua tu kama kirusi kilitumia ufunguo wa offline, yaani kama kompyuta yako ilishindwa kuwasiliana na seva yao wakati kinafunga. Ukiambiwa ni ufunguo wa online basi kwa sasa hakuna, na mtu wa mtaani akikwambia ana uwezo wa kuufungua kwa laki mbili, huyo ni mwizi wa pili. Uliza kwanza kama kuna picha zilizobaki kwenye Google Photos ya simu ya mtu yeyote nyumbani, huwa watu wanasahau.

Na badilisha paswedi zote, kwa kutumia simu, sio hiyo laptopu, maana STOP huwa inakuja na wezi wa paswedi mkononi.

Mama Wawili

Asante mwanangu. Kweli baba yao alikuwa anatuma kwa bibi WhatsApp, ngoja nimpigie bibi.

DadaSteshenari

JAMANI FOLDA LISILO NA JINA LIPO 😭😭

Nimefungua na kila kitu kimo! Ripoti ipo, picha za ubatizo wa mtu zipo, na mpaka muvi za Kikorea. Nilichofanya, nimenakili folda lote kwenye mashine, nikaliskani tena, nikafungua ripoti mpaka ukurasa wa 64 kwenye marejeo kuhakikisha, ndo nikafomati flashi nikarudisha vitu. Mzee wa Fomati umeona, nimefomati mwishoni.

Mzee wa Fomati

Nilisema mimi 😂

Fundi Chumvi

Hapo umefanya kama fundi dada. Bado kuna flashi za wateja wa wiki tatu huko mtaani ambazo wewe ndo ulizigawia. Sio lawama, ila bandika karatasi pale mlangoni, skani flashi bure, wataleta na watanunua kalamu. Na usisahau hiyo Windows 10, apdeti zake za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kukusaidia kwa hizi za flashi, ila kama mashine inapokea 11 ihamishe, kama haipokei basi hiyo iwe mashine ya kuprinti tu kama alivyosema ndugu wa Eldoret.

DadaSteshenari

Nimeshabandika. Kwa siku mbili wameleta flashi 19, nane zilikuwa na shotikati. Mpwa nimempigia simu nimemwambia likizo ijayo aje mikono mitupu.

Ila subirini niwape ya leo. Binti kaja asubuhi, nimemprintia nakala tatu nimembaindia, kafurahi kaninunulia na soda. Saa nane karudi, msimamizi kamwambia arekebishe jedwali ukurasa wa 41. Amerekebishia lebo ya chuo. Nachomeka flashi huku nimeshikilia Shift, Defender hata haijasubiri niiambie, imepiga kelele palepale. Shotikati moja, jina la flashi.

Saiba ya Kona Eldoret

Mwambie atume kwa WhatsApp 😂